Tupeane uzoefu: Bologna mji wa zamani, wewe uliutembea vipi?

Mpita Portiko (mleta uzi)

Wakuu habari zenu. Watu wetu wengi wakifika Italia wanakimbilia Roma, Florence na Venice, Bologna wanaijua kama stesheni ya kubadilishia treni tu. Mi nimesoma hapa na bado naishi hapa, na nasema bila kumung'unya maneno kwamba mtu wa kawaida asiye na hela nyingi hapati mji wa zamani wa kuufaidi kwa miguu kama huu. Kwa hiyo waliofika naombeni mtupie humu mlichokiona, mliingia wapi, mlikula nini, nini kiliwagusa, ili anayekuja awe na pa kuanzia.

Naanza mimi na portiko, maana bila hizo hujaiona Bologna. Hizi ni njia za waenda kwa miguu zilizofunikwa, juu yako ni ghorofa ya nyumba ya mtu, pembeni nguzo na matao, unatembea mtaa hadi mtaa hujaguswa na mvua wala jua. Ukizijumlisha zote zinafika kilomita 62 hivi na sehemu kubwa iko katikati ya mji wa kale, UNESCO wakaziweka kwenye urithi wa dunia 2021. Asili yake ni shida ya nyumba: chuo kikuu hapa wanahesabu kilianza 1088, wanafunzi wakamiminika, wafanyakazi nao wakaja, watu wakaanza kutanua ghorofa za juu zitokeze barabarani ili wapate vyumba vya kupangisha, zikawekewa nguzo za mti zisianguke. Miji mingine ilipiga marufuku kitu kama hicho, Bologna 1288 ikaweka sheria kwamba kila nyumba mpya lazima iwe na portiko, na iwe na urefu wa kutosha mtu aliyepanda farasi apite chini yake. Na hapa ndo pananigusa kila siku nikipita: ile sakafu unayokanyaga ni mali ya mwenye nyumba, anaitunza yeye, lakini njia ni ya watu wote, mzee wa watu anapita, mwanafunzi anapita, asiye na pa kulala anajisitiri mvua hapohapo. Mji mzima ulikubaliana hivyo zaidi ya miaka 700 iliyopita na bado wanaishi hivyo!

Ukitaka kuona za mwanzo zilivyokuwa nenda Strada Maggiore kwenye nyumba ya Isolani, nguzo zake ni miti ya mwaloni mirefu mno, ya karne ya 13, bado imesimama imebeba nyumba. Nyingine nyingi zilibadilishwa baadae zikawa za tofali na mawe.

Ushauri wangu mmoja tu, simu iweke mfukoni. Anzia Piazza Maggiore, uwanja mkuu wa mji, asubuhi kabla watu hawajajaa, halafu fuata portiko yoyote inayokupendeza, utatokea tu mahali pazuri. Jumamosi na Jumapili barabara kubwa za katikati, Rizzoli, Ugo Bassi na Indipendenza, zinafungwa kwa magari, watu wanatembea katikati ya lami na watoto wanakimbia, hizo ndo siku zangu. Karibuni.

Binti wa Mkunazini

Asante kwa uzi. Mimi ni wa Unguja, nimekulia kwenye vichochoro vya Mji Mkongwe, kwa hiyo njia nyembamba na kuta za zamani hazikunishangaza. Kilichonishika ni kitabu. Kinaitwa Liber Paradisus. Mwaka 1256 serikali ya mji wa Bologna iliamua kuwanunua watumwa wote wa mjini na mashamba yake kutoka kwa mabwana zao na kuwaacha huru, wakalipa lire 10 (hela ya wakati ule) kwa kila aliyezidi miaka 14 na lire 8 kwa mtoto, na majina yao wakayaandika kwenye hicho kitabu mwaka uliofuata, watu kama 5,800 na kitu.

Najua kuna watakaosema walifanya hivyo wapate walipa kodi, na ni kweli, mtumwa halipi kodi, mtu huru analipa, mji ulikuwa unahitaji hela na watu wa kufanya kazi. Lakini hebu fikirieni, sisi kwetu soko la watumwa pale Mkunazini limefungwa 1873, na wale waliopita pale wengi mno hatuna hata jina moja la kuwasomea dua. Hapa kuna orodha, jina kwa jina, nani alikuwa wa bwana gani. Nilivyosimuliwa hii habari nililia, nasema ukweli wangu. Siku hizi ofisi mpya za manispaa nyuma ya stesheni ziko kwenye uwanja uliopewa jina la hicho kitabu, Piazza Liber Paradisus, sio sehemu ya kale wala haina uzuri wa picha ila mimi nilienda makusudi nikasimama pale.

Na ukiwa Piazza Nettuno usipige tu picha na ile chemchemi ya Neptune ukaondoka, geuka uangalie ukuta wa jengo la maktaba ya Sala Borsa, kuna picha ndogondogo za wapiganaji waliouawa wakipinga mafashisti na Wajerumani, ni nyingi, zinapita elfu mbili, vijana, kina mama, wazee. Kisha ingia maktaba yenyewe, bure, sakafu ya ukumbi ina vioo na chini yake unaona magofu ya mji wa Kirumi. Hapo kwa hatua chache umeshakanyaga miaka elfu mbili.

Nesi wa Eldoret

Mimi nilipita huko kwa mafunzo ya kazi na weekend yangu yote niliimalizia Archiginnasio, jengo la zamani la chuo, la 1563. Kuta na dari zimejaa ngao za wanafunzi waliosoma hapo, maelfu kwa maelfu, kutoka kila pembe ya Ulaya. Lakini nenda juu ukaone chumba cha anatomia, ndicho kilinipeleka. Ni chumba chote cha mbao, viti vimepanda ngazi kwa ngazi kuzunguka, katikati kuna meza ya marumaru nyeupe, hapo ndipo maiti zilikuwa zinapasuliwa wanafunzi wakitazama. Kwenye kiti cha mwalimu kuna sanamu mbili za wanaume waliochunwa ngozi, unaona misuli yote, zimechongwa kwa mti na aliyezichonga alijua mwili sawasawa, kila msuli uko mahali pake, nilikuwa nahesabu kimoyomoyo kama niko kwenye mtihani.

Sasa jueni hiki chumba kilipigwa bomu Januari 1944 wakati wa vita kikabomoka. Watu wakaokota vipande vya mbao kwenye kifusi na baada ya vita wakakijenga upya wakitumia vilevile vya asili vilivyopatikana. Nilikaa kwenye kimojawapo cha vile viti nikifikiria watu wenye njaa, mji umebomoka, bado wanaokota mbao za darasa. Kwa mtu yeyote wa afya hapa ni lazima, kiingilio kipo ila ni kidogo ukilinganisha na makumbusho ya Florence.

Mama Wawili

Naomba kuuliza jamani, naenda na watoto na sisi ni Waislamu, chakula kikoje? Na ile minara wanapanda watoto?

Mpita Portiko

@Mama Wawili karibu sana dada. Minara miwili ile, Asinelli una mita 97 na una ngazi za mbao 498, ila Oktoba 2023 eneo lile lilifungwa kwa sababu mwenzake Garisenda, ule mfupi ulioinama sana, ulionekana hali yake si nzuri, wakaweka uzio na kazi ya kuukaza ni ya miaka. Kwa hiyo waambie watoto wataiona kwa nje tu, na kwa nje inatosha, simama Via Rizzoli uone ulivyolala. Zamani mji ulikuwa na minara mingi mno, kila ukoo wenye nguvu ulijenga wake kushindana na jirani, leo imebaki kama 20 hivi na mingine imemezwa ndani ya nyumba, wape watoto kazi ya kuitafuta watatembea bila kulalamika.

Chakula kuwa makini kidogo. Huu ni mji wa nguruwe, mortadella ni nguruwe, tortellini, zile tambi ndogo za kujazwa, ndani yake ni nguruwe, na ragù, mchuzi wa nyama wa tambi za tagliatelle, mara nyingi ina nguruwe imechanganywa na ng'ombe hata kama menyu haijasema. Agiza tortelloni, ni kubwa kidogo, ndani ni jibini laini ya ricotta, wanaipika kwa siagi na majani ya seji, watoto wataipenda. Mitaa ya chuo upande wa Via Zamboni kuna maduka ya kebab ya ndugu zetu Waislamu, uliza hapo. Na kahawa au juisi kunywa umesimama kaunta, ukikaa mezani bei inapanda.

Kingine cha watoto ni chini ya Palazzo del Podestà, kuna makutano yenye dari la tao, mmoja asimame kona moja akiangalia ukuta anong'one, mwingine kona ya mshazari atasikia kila neno. Wangu hawataki kuondoka pale.

Mwana Mufindi

Mimi natokea Mufindi. Kule kwetu Usokami, mkoa wa Iringa, mapadre wa Bologna walifika miaka ya 1970 na masista pia, kwa hiyo jina la Bologna nimelisikia nikiwa mtoto kabla sijajua Italia iko wapi. Wazee wetu wanawataja kwa majina mapadre waliofanya kazi kule na waliorudi kwao wakazeeka. Nilipopata nafasi ya kufika sikuanza na uwanja wala minara, nilipanda San Luca.

Portiko ya San Luca inaanzia lango la Saragozza pembeni ya mji wa kale na kupanda mlima mpaka kwa Bikira Maria wa San Luca, karibu kilomita 4, matao 666, ndo ndefu kuliko zote, walianza kuijenga 1674 na watu wa kawaida walichangia, vyama vya mafundi, familia, watumishi wa ndani. Sababu ya kuijenga ni picha ya Bikira Maria iliyoko juu. Mwaka 1433 mvua zilizidi zikataka kuharibu mavuno, wakaishusha ile picha mjini kwa maandamano na mvua ikakatika, toka hapo kila mwaka karibu na Kupaa Bwana wanaishusha, inakaa kanisa kuu wiki nzima halafu inarudi. Sisi wakulima tunaelewa maana ya kuomba kwa ajili ya mvua.

Sehemu ya chini ni tambarare, ukipita tao la Meloncello ndo mlima unaanza, unakaza mapaja kwelikweli, vaa viatu vizuri beba maji. Nilikuta bibi wa makamo anapanda na rozari anasali kimya, nikamsalimia, akaniuliza nimetoka wapi, nikasema Tanzania, Iringa. Akasema "Usokami!" Mtu wa mtaani tu. Kumbe parokia yao wamekuwa wakichangia kule miaka na miaka. Tulipanda pamoja mpaka juu nikamsimulia kituo cha afya kikoje, barabara ikoje, nani anaendelea na kazi.

Fundi Mstaafu

Niongezee San Petronio, kanisa kubwa la Piazza Maggiore, ujenzi umeanza 1390 na uso wake nusu marumaru nusu tofali mpaka leo hawajamaliza. Ndani sakafuni kuna mstari wa shaba wa mita karibu 67, ulitengenezwa 1655 na mtaalamu wa nyota Cassini. Juu darini kuna tundu dogo, jua likifika katikati ya mbingu duara la mwanga linaangukia juu ya mstari, na pale linapoangukia ndo unasoma tarehe, kiangazi karibu na tundu, baridi mbali kule mwisho. Nenda kabla ya mchana. Majira ya baridi duara linapita mstarini karibu saa sita na robo, majira ya joto saa saba na robo, linasogea kidogo kulingana na mwezi. Nimefanya kazi ya ujenzi maisha yangu yote na sijaona kipimo kikubwa hivi kwenye sakafu ambayo watu wanapita juu yake na viatu.

Mama Wawili

Jamani asanteni, nimenakili yote. Tunakuja mwezi wa tano, @Mwana Mufindi hiyo ya kushusha picha kama wasio Wakristo wanaruhusiwa kusimama pembeni kuangalia?

Mwana Mufindi

Simameni popote chini ya portiko mama, inapita barabarani mbele ya watu wote. Nendeni mapema mpate nafasi ya mbele, watoto waone.