RAM mpya ni 3200 ila mashine inasoma 2400, nikiwasha XMP skrini giza

pikseli_mwanza
Wakuu habari za jioni, naombeni msaada kabla sijarudisha mzigo dukani. Mashine yangu ni Ryzen 5 5600G kwenye bodi ya B450, kadi ya grafiki sina, nahariri video za harusi. Nilikuwa na RAM moja ya 8GB DDR4 2400, juzi nikaongeza mbili za 8GB zimeandikwa 3200 CL16 1.35V nikazipachika zote tatu. Nafungua Task Manager nakuta 2400, na CPU-Z (programu ya kuonyesha vifaa vya mashine) ndo imenivuruga kabisa, inasema 1200! Jamaa akaniambia ingia bayosi (menyu ya setingi za bodi) washa XMP, ile setingi ya kuipandisha RAM mpaka spidi iliyoandikwa, nikawasha, nikasevu, weee... feni zinazunguka skrini giza, inazima inawaka, inazima inawaka, baadae ikarudi yenyewe na maandishi kwamba setingi za kuovakloki (kupandisha spidi) zimegoma. Fundi anasema RAM ni feki. Halafu GB 24 nilizoweka Windows inasema zinazotumika ni 21.9 tu, zingine zimeenda wapi jamani?

chuma_chakavu
Feki gani, huyo fundi anataka akuuzie zingine 😂 CPU-Z haijakosea, DDR inapitisha data mara mbili kwa kila mdundo, kwa hiyo 1200 mara mbili ndo hiyo 2400 yako. Ukifika 3200 itakuonyesha 1600, usije ukapiga kelele tena.

babu_wa_bayosi
Dada tulia, RAM zako nzima. Kila RAM ina kachipu kadogo kanakobeba spidi zake, mashine ikiwaka bayosi inakasoma inachagua spidi ya usalama, na zikiwa mchanganyiko zote zinafuata ile ya mwendo wa chini. Kwenye msafara wa mamba na kenge wamo, kenge wako ni hiyo 2400. Ulipowasha XMP bodi ikachukua profaili ya zile mpya, 3200 kwa volti 1.35, ikailazimisha na ya zamani ambayo imetengenezewa volti 1.2 na 2400 yake ya kistaarabu, ikashindwa kuzipatanisha ndo ukaona giza.

Fanya hivi. Zima, chomoa waya wa umeme ukutani kabisa, toa ile ya zamani. Mpya mbili weka sloti ya pili na ya nne ukihesabu kutoka kwenye prosesa, bodi nyingi za sloti nne ziko hivyo ila hakikisha kwenye kitabu chake. Sukuma mpaka usikie klik, watu wengi wanaishia katikati halafu wanalaumu bayosi. Washa, ingia bayosi kwa Delete au F2, washa XMP (bodi za ASUS wameandika DOCP, za MSI A-XMP), F10 kusevu. Ikikaa giza nusu dakika usiizime, inajipima. Ikigoma moja kwa moja chomoa umeme, toa betri ya CR2032 ya kwenye bodi dakika chache setingi zijifute, rudisha.

Zile GB 2 hazijapotea, 5600G haina memori yake ya grafiki inakata kwenye RAM yako. Kwenye bayosi tafuta UMA Frame Buffer Size, ndo kiasi inachokata, ukitaka ishushe iwe 512MB, ila kwa kazi ya video mimi ningeiacha. Na ndo maana kwako spidi ya RAM ina maana kuliko kwa mtu mwenye kadi, grafiki yako inakula kwenye sahani hiyohiyo.

kijiwe_cha_waya
Babu namheshimu ila hapa natofautiana kidogo, mtu wa kuhariri video kumnyang'anya GB 8 sio mchezo. Angeacha zote tatu, XMP off, spidi aweke kwa mkono 2666, volti 1.35, halafu MemTest86 (programu ya kupima RAM) kwenye flashi usiku mzima. Ikipita bila kosa hata moja basi.

babu_wa_bayosi
Kosa la RAM halikwambii "nimekosea", linakuharibia faili la harusi ya mtu taratibu. Mbili zinazofanana kwa 3200, akitaka zaidi anunue 2 za 16.

pikseli_mwanza
Nimerudi. Nimetoa ya zamani, kumbe na moja ya mpya nilikuwa nimeipachika nusunusu upande mmoja, aibu yangu. XMP imekubali mara ya kwanza, Task Manager 3200, CPU-Z 1600 (sijapiga kelele). MemTest imepita raundi nne bila kosa. Taimlaini iliyokuwa inakwamakwama sasa inateleza. Kijiwe yako sijajaribu, Jumamosi nina harusi mbili naogopa. Hii 2400 naweza kuiweka kwenye laptopu ya mdogo wangu?

chuma_chakavu
Ya laptopu ni fupi karibu nusu ya hiyo dada, haiingii hata ukiisukuma mpaka klik 😂 iuze.