Wenye IBS (utumbo unaovurugika mara kwa mara bila kidonda) wa Dar tupeane uzoefu: tumbo likichafuka upo kwenye foleni unafanyaje?

Mtoto wa G/Mboto
Wakuu habari za jioni. Leo asubuhi kidogo niaibike. Nimepanda gari Gongo la Mboto saa kumi na mbili na robo, imejaa mpaka mlangoni, kufika Jeti tumbo likaanza mambo yake, wenzangu mnayajua, linajikamua kama shuka linalokamuliwa maji halafu jasho la baridi linakutoka, na foleni imesimama utadhani tumepaki. Namwomba konda nishuke ananiambia hapa trafiki watatula kichwa. Mtu mzima mimi ikabidi nimnong'oneze shida yenyewe. Bwana wee, akapiga bodi kama gari limeshika moto, "suka shusha, shusha huyu haraka!" Gari zima likanigeukia. Nikakimbilia sheli, nilifika, ila ilibaki sekunde.

Mwaka jana daktari aliniambia ni IBS, vipimo vyote visafi. Usafi gani huo kama kila wiki nakimbizana na vyoo? Tupeane uzoefu, mnazuiaje lisiamke na likishaamka mnalitulizaje.

Mama Wawili
Hiyo sheli mlinzi wake ananijua kwa jina 😂 pole sana.

Kahawa Chungu
Mimi kabla ya kusoma ramani ya mji nasoma ramani ya vyoo. Misikiti ndio mkombozi, maji yapo na hakuna anayekuuliza unatoka wapi, ila vua viatu vizuri na ukitoka acha kasafi. Stendi tembea na chenji mfukoni, usije ukamkabidhi mtu elfu kumi wakati huo halafu aanze kukutafutia chenji.

Mshenga Mstaafu
Mleta mada umenikumbusha mbali. Mimi nilikuwa mshenga. Rafiki yangu alinituma kwa kina binti, Mbagala huko ndani, tukaenda mimi, mzee mmoja wa mtaani kwetu na mama mdogo wa bwana harusi. Usiku wake sikulala, nawaza nitaongea nini mbele za watu, na mimi nikiwa na wasiwasi tumbo ndio linapata habari wa kwanza. Asubuhi nikafakamia chapati maharage na chai ya maziwa vikombe viwili, eti natafuta nguvu.

Tunafika tunakuta wazee saba mkekani wamenuna kama kesi ya kiwanja. Kifungua mlango tumetoa, mzee wao akavaa miwani akaanza kusoma karatasi, mkaja wa mama, kilemba cha babu, blanketi la bibi, na mahari milioni tano. Hapo hapo likakata. Sio kuuma, kukata. Choo kiko uani na kwenda uani lazima uwapite wale wazee wote, halafu uwapite akina mama wanaopika.

Nikasema wazee wangu naomba nitoke kidogo. Nimekaa kule dakika kumi namwita Mungu. Narudi, mzee ananiangalia kwa jicho la pembeni, anasema haya, tuseme nne na nusu. Sikumwelewa, nikajibu tumesikia wazee wetu. Dakika tano hazijaisha likakata tena, nikainuka. Narudi, tatu na nusu. Mara ya tatu hata ruhusa sikuomba, uso nimeukunja kwa maumivu ya kweli kabisa, napita mlangoni nasikia mjomba wa binti anamwambia mwenzie huyu kijana mgumu, anaenda kuongea na simu na wakubwa zake. Narudi nimelowa jasho shati zima, imekuwa milioni mbili na mbuzi, na wananibembeleza nisitoke tena tumalize kwa amani.

Tukamaliza. Njiani yule mzee wetu akanishika mkono akaniambia ameposea watu tangu ujana wake hajaona mshenga kama mimi. Sikumwambia kitu. Nimefika nyumbani nikalala na chupa ya maji ya moto tumboni mpaka usiku, huku bwana harusi ananipigia simu kunishukuru.

Kobe wa Kimara
🤣🤣🤣 nimecheka mpaka nimemwamsha mtoto. Mkuu nina jambo mwezi wa nane, bei yako ya ushenga ikoje?

Shangazi wa Temeke
Mnacheka lakini huo ni wizi, mmemdhulumu binti wa watu.

Mshenga Mstaafu
Shangazi mimi sikupunguza hata mia, walikuwa wanapunguza wenyewe!

Shangazi wa Temeke
Ungesema unaumwa.

Kobe wa Kimara
Shangazi mbele ya wakwe unaanzaje kusema unaharisha?

Mtoto wa G/Mboto
Wakuu turudi kwenye mada jamani, kesho asubuhi napanda gari tena.

Dokta Majani
Mleta mada usihangaike. Huo ni uchafu umeganda kwenye utumbo. Chemsha sanamaki, kunywa glasi kutwa mara mbili siku saba, utakuja kunishukuru. Ninayo ya unga, njoo inbox.

Mfamasia wa Usiku
Wewe unataka kumuua mtu kwenye daladala? Sanamaki inaharishisha, mtu anakimbia choo unamwongezea mbio! Mleta mada, IBS zipo za kuharisha, za kufunga choo, na za kupokezana. Ujue yako ni ipi kwanza ndio uulize dawa.

Dokta Majani
Nyie wa vidonge hamtaki watu wapone mtakosa wateja.

Mfamasia wa Usiku
Sawa dokta. Vipimo kuwa visafi haina maana unaigiza. Utumbo hauna kidonda ila mishipa ya fahamu kati yake na ubongo imekuwa na hisia kali kupita kiasi, kagesi ambako mwingine hakasikii wewe unakasikia kama kisu. Ndio maana mshenga aliumwa siku ya posa. Wengine linaanza baada ya kuharisha sana kwa maambukizi, wadudu wanaisha utumbo unabaki na kinyongo. Kipimo kimoja cha kusema hii ni IBS hakuna, daktari anaangalia maelezo yako, vigezo vya madaktari vinavyoitwa vya Roma, vya 2016, vinataka maumivu angalau siku moja kwa wiki ndani ya miezi mitatu, yanayoendana na angalau mawili kati ya haya: kwenda choo, idadi ya safari kubadilika, au choo chenyewe kubadilika.

Mama Wawili
Kinyongo 😂 langu ndio lilivyoanza, nilikula chipsi mayai za njiani nikaumwa wiki nzima, tangu hapo halijawahi kuwa tumbo lile. Nilizunguka miaka miwili. Dispensari moja kila nikienda naambiwa taifodi na UTI, nimekunywa Flagyl mpaka ulimi unaonja shaba. Siku zangu zikikaribia ndio linakuwa baya zaidi, na hilo hakuna aliyewahi kuniuliza.

Kahawa Chungu
Taifodi na UTI ni salamu siku hizi.

Nungwi Boy
Kitunguu! Mimi adui alikuwa kitunguu. Kuna mlo uliofanyiwa kazi chuo kikuu cha Monash, Australia, wanauita FODMAP, ni aina za sukari ambazo utumbo mdogo haunyonyi vizuri zinashuka chini bakteria wanazichachua, gesi inajaa. Kitunguu maji, kitunguu saumu, maharage, ngano, maziwa, embe, tikiti, yaani Dar nzima. Unaacha wiki mbili mpaka sita halafu unarudisha kimoja kimoja ukiangalia kipi kinakuumiza. Wali, ugali, samaki, kuku, karoti, mchicha hakuna shida. Ladha ya saumu nikiitaka naikaanga kwenye mafuta halafu naitoa, ile sukari haiyeyuki kwenye mafuta.

Shangazi wa Temeke
Mchuzi bila kitunguu si maji ya moto hayo.

Nungwi Boy
Tumia majani yake ya kijani shangazi. Na maharage ukiyataka loweka usiku, maji yale mwaga, chemsha kwa maji mapya, kula kidogo.

Kobe wa Kimara
Mimi nilishauriwa dona, kila mtu dona dona, nyuzinyuzi. Nikala dona wiki mbili nikawa puto. Nimerudi sembe nimepona.

Bint Futari
Nyuzinyuzi sio zote. Pumba zinatuchokoza wengine, mimi natumia ispaghula, nyuzinyuzi laini za maganda ya mbegu, kijiko kimoja kwenye maji naongeza taratibu. Kwenye mfungo mchana tumbo linalala kama mtoto, ikifika magharibi nikichanganya kunde, magimbi ya nazi na sambusa za vitunguu, tarawehe nasali karibu na mlango.

Mfamasia wa Usiku
Ukila, utumbo mpana unaanza kusukuma wenyewe, na asubuhi ndio unasukuma zaidi. Mleta mada usinywe chai dakika tano kabla ya gari. Amka mapema, kunywa chai, kaa nusu saa, maliza shughuli ndio utoke. Chai ya maziwa iache kwanza, wengi wetu maziwa hatuyawezi, mtindi una nafuu. Maumivu yakibana kuna Buscopan au mebeverini. Loperamidi inapunguza mbio lakini haitulizi maumivu, na usiiguse kama una homa au damu kwenye choo. Yakishindikana daktari anaweza kukupa amitriptilini dozi ndogo, Uingereza walitoa utafiti wake 2023, ilisaidia watu.

Kahawa Chungu
Hiyo si dawa ya vichaa?

Mfamasia wa Usiku
Kwa sonona dozi ni kubwa. Hapa wanaanza na miligramu 10 usiku, inapoza mishipa ya tumbo. Ila ya daktari hiyo, sio ya kuja kuninong'oneza dirishani.

Kahawa Chungu
Bora nikimbie na tumbo langu.

Mama Wawili
Mimi natumia mwaka sasa. Kichaa sijawa, mume wangu anaweza kuwa na maoni tofauti.

Mkwe wa Kigamboni
Samahani nawakatisha kicheko. Shemeji yangu alijiita mtu wa IBS miaka miwili, anakunywa Buscopan anaendelea na kazi. Alikuwa anapungua, akaanza kuamka usiku kuharisha, choo kina damu akasema bawasiri. Tulimburuta hospitali wakamkuta na uvimbe kwenye utumbo mpana. Alikuwa na 52. Damu, kukonda, kuamshwa na tumbo usiku, kupungukiwa damu, au limeanza umeshavuka miaka hamsini, hiyo msiilete huku kuulizia vitunguu.

Bint Futari
Pole sana mkwe. Anaendeleaje?

Mkwe wa Kigamboni
Kafanyiwa upasuaji, yupo kwenye dripu za dawa. Anakula uji.

Nungwi Boy
Mungu amponye.

Dokta Majani
Amina. Angewahi sanamaki lakini.

Mfamasia wa Usiku
Kuna mtu amshike huyu.

Kobe wa Kimara
Mshenga hujajibu bei.

Mtoto wa G/Mboto
Wakuu nimewasoma wote, asanteni. Leo nimeamka saa kumi, chai ya rangi, ndizi moja, nusu saa, kila kitu kimeenda vizuri, gari nimepata na siti. Sasa hivi tupo Tazara. Konda ni yule yule wa jana, kaniona kawaambia abiria wampishe mgonjwa wake akae karibu na mlango.