Naomba ushauri: kuwa mkweli kwa timu bila kumwanika bosi

Wakuu, habari za kazi. Uamuzi umetoka juu, msimamizi haukubali, na kesho asubuhi anatakiwa kuutangaza kwa timu. Akisema "tumeamua" kwa uchangamfu wa kujilazimisha, watu wanamsoma usoni, na siku nyingine hawamwamini hata akisema kweli. Akisema "wamenilazimisha", utekelezaji unakufa palepale, maana kila mtu ameshapewa ruhusa ya kuzembea.

Njia ninayoiona ina nafuu ni kumaliza pingamizi kwa bosi kabla ya kikao, kwa hoja mbili au tatu zenye ushahidi. Kikaoni aseme uamuzi wenyewe, sababu iliyotolewa, kipi bado kinaweza kubadilishwa, na tarehe ya kuutathmini, tuseme baada ya wiki 6. Kisha aulize, "Hapa kazi itakwama wapi?" na anyamaze hata sekunde 10. Wasimamizi wengi hujijibu wenyewe upesi, halafu ukimya wa timu wanauita kukubali.

Ninapokwama ni hapa: mtu akiuliza mbele ya wote, "Wewe binafsi unaunga mkono?" mnajibuje? Na akiuliza faraghani, jibu libadilike? Naombeni maneno kamili mnayoyatumia.