Naomba ushauri: tindikali ya bahari na tabia za samaki

Wakuu habari zenu. Nafundisha baiolojia sekondari hapa Tanga. Siku zote nimewaambia wanafunzi kuwa hewa ukaa ikizidi, bahari huongezeka tindikali, na samaki wachanga wa matumbawe huvurugikiwa na uwezo wa kunusa hadi kumfuata adui badala ya kumkimbia. Tafiti za Australia za 2009 na 2010 zilisema hivyo. Sasa nimesoma kuwa majaribio yaliporudiwa kwa samaki wengi zaidi, matokeo ya 2020 yalionesha athari ndogo mno. Imeniuma, maana watoto wa wavuvi waliniamini. Tindikali yenyewe haina ubishi, pH (kipimo ambacho kikishuka, tindikali imeongezeka) imeshuka kutoka takriban 8.2 hadi 8.1, na matumbawe yanaumia kweli. Je, hili la samaki niliondoe, au niwape pande zote mbili? Mliowahi kulifundisha, nisaidieni.