Tochi nzito imeacha kutengenezwa: vipuri nivitafute vipi?

Mkagua Matangi

Wakuu habari zenu. Ninayo tochi ya alumini ya kuchaji, ile nzito ya kushika kwa mkono mzima. Kazi yangu ni kukagua matangi ya maji na mashimo ya pampu, na kwa kazi hiyo sijaona ya kuifikia. Mwanga wake unapiga mbali, na rangi ya kutu unaiona ilivyo, tofauti na zile LED za bei nafuu zinazofanya kila kitu kionekane cha bluu. Ikidondoka kwenye zege unaiokota bado inawaka.

Sasa kampuni imeacha kuitengeneza. Nimewaandikia, wakajibu kwamba vipuri vimekwisha, ninunue toleo jipya. Sitaki toleo jipya, nataka hii iendelee kuishi.

Matatizo yake: betri yake ni fimbo ya seli tano za NiCd (nikeli-kadimiamu), haishiki chaji tena. Oringi ya kichwani, ile pete ya mpira ya kuzuia maji, imekauka na kupasukapasuka, kwa hiyo unyevu unaingia na kioo kinapata ukungu kwa ndani. Mpira wa swichi umetoboka. Kioo kimemeguka ukingoni. Balbu bado nzima, ni halojeni ndogo ya miguu miwili myembamba kama sindano, ila sina ya akiba. Nikitafuta kwa jina la tochi naletewa matangazo ya tochi nyingine kabisa. Aliyewahi kufufua tochi ya namna hii anielekeze tafadhali.

Fundi wa Zamu

Mkuu, kabla hujagusa chochote soma maandishi ya ubavuni. Kuna alama ya Ex ndani ya umbo la pembe sita? Kama ipo, tochi hiyo ilipimwa kutumika penye gesi inayoweza kulipuka. Ukishaweka kipuri kisicho cha mtengenezaji, hata kama ni betri tu, usiingie nayo tena sehemu hizo. Hilo halina mjadala.

Mkagua Matangi

Haina alama hiyo mkuu, nimeigeuza pande zote. Na mimi ni maji safi tu, majitaka yana watu wake na vifaa vyao. Asante kwa kuuliza, ni jambo la maana.

Mzee wa Karakana

Vizuri, basi tuendelee. Mdogo wangu, acha kutafuta kwa jina la tochi. Kampuni ya tochi haitengenezi oringi, haitengenezi seli za betri, na mara nyingi hata balbu inanunua kwa wengine. Ilichotengeneza yenyewe ni bodi, kiakisi, na pengine swichi. Vilivyobaki vina vipimo ambavyo dunia nzima inavitumia, na ukishakuwa na kipimo huna haja ya kujua tochi inaitwaje. Azima kalipa, kaa mezani penye mwanga, pima kimoja kimoja na uandike.

Oringi nitaieleza kwa kirefu kwa sababu ndipo watu wengi wanapokosea. Usiipime ile ya zamani. Imeshabanwa ikawa bapa na imevutika, itakupa namba ya uongo. Pima mfereji inapokaa: kipenyo cha chini ya mfereji, kina chake na upana wake. Halafu chagua oringi yenye tundu dogo kidogo kuliko kipenyo cha mfereji, ivutike kwa asilimia mbili au tatu ili ikae imekaza. Mfano, mfereji wa milimita 44 unafaa oringi yenye tundu la milimita 43. Unene wake uwe mkubwa kuliko nafasi iliyopo, ili kichwa kikifungwa mpira ubanwe. Ukiona inateleza bila kuhisi ukinzani wowote, maji yatapita. Ukiona inakatika kwenye hesi unapofunga, imezidi unene. Maduka ya beringi na haidroliki huziuza kwa namba hizo mbili tu, kipenyo cha ndani na unene wa mpira.

Omba ya mpira wa naitraili, zile zenye alama ya NBR. Ipake grisi ya silikoni kiasi cha kung'aa tu. Ila ukipewa oringi iliyotengenezwa kwa silikoni, grisi hiyo hiyo itaivimbisha, kwa hiyo uliza kwanza ni mpira gani. Na mafuta ya mgando ya kujipaka yasikaribie oringi za EPDM (aina nyingine ya mpira), yanazilainisha mpaka zinaharibika.

Kioo: pima kipenyo na unene. Wapo wanaouza vioo vya tochi kwa vipimo hivyo, na tochi kubwa kadhaa za betri D hutumia kioo cha milimita 52 hivi, kwa hiyo saizi hiyo haina shida. Usiweke plastiki mbele ya halojeni, joto lake litaipinda. Na usinunue kioo kilichokazwa kwa moto ukitegemea kukikata kifike saizi, kitasambaratika chote mara tu ukikianza.

Balbu yako pima nafasi kati ya miguu. Ikiwa ni milimita 4 kutoka katikati ya mguu hadi katikati ya mwingine, hiyo ni G4. Seli tano za NiCd ni volti 6, na G4 ya volti 6 wati 10 ipo, hutumika kwenye darubini za maabara. Utafute kwa wauzaji wa vifaa vya maabara. Soma namba kabla hujalipa, maana G4 zilizojaa madukani ni za volti 12, na hiyo kwenye tochi yako itawaka nyekundu kama kaa la moto linalozimika. Ukiipata ishike kwa karatasi au kitambaa safi. Mafuta ya kidole kwenye kioo chake huipasua ikipata moto. Tena angalia ndani ya kifuniko cha nyuma cha tochi yako. Tochi za zamani za Maglite, kwa mfano, zilifichwa balbu ya akiba hapo na wenye nazo wengi hawakujua.

Fundi Betri

Mzee amemaliza mengi, mimi niongeze la betri tu. Ng'oa gamba la plastiki la ile fimbo upime seli moja. Ikiwa kipenyo ni milimita 23 hivi na urefu 43, hiyo ni sub-C, ile ile iliyokuwa kwenye drili za kuchaji za zamani. Zinapatikana hadi leo, za NiCd na za NiMH (aina nyingine ya nikeli, isiyo na kadimiamu). Zote ni volti 1.2, kwa hiyo tano bado ni volti 6 na balbu haitaona tofauti.

Nunua zenye vibati vilivyochomelewa tayari kwenye ncha, ulehemu kibati kwa kibati. Usiweke pasi ya kulehemu juu ya seli yenyewe, joto linaua ile plastiki ya ndani inayotenganisha chanya na hasi. Zote tano ziwe za aina moja, uwezo mmoja, zimenunuliwa pamoja.

Kuhusu chaja: chaja za zamani za tochi nyingi zilikuwa za polepole, zinatoa mkondo wa sehemu moja ya kumi ya uwezo wa betri na zinahitaji saa 14 hadi 16. Ukiweka NiMH zenye uwezo mkubwa itachukua muda mrefu zaidi, na NiMH hazivumilii kuachwa kwenye chaji siku nzima kama NiCd. Kwa hiyo kama chaja yako haijizimi, mimi ningebaki na NiCd.

Na tafadhali sana, usishawishike kuingiza seli za lithiamu humo. Mbili zikijaa zinafika volti 8.4, balbu itaungua mapema, na chaja ya NiCd haijui pa kuishia kwa lithiamu. Hapo ni moto ndani ya nyumba.

Mkagua Matangi

Nashukuru sana, wote. Nimepima: miguu ya balbu ni milimita 4, seli ni 23 kwa 43 kama ulivyosema. Limebaki la mpira wa swichi. Huo hauna mfereji wala hesi, umeshikwa na pete ya plastiki tu. Nao una kipimo cha dunia?

Mzee wa Karakana

Huo hauna, ni wa kwao peke yao. Njia ziko mbili. Ya kwanza ni kutafuta tochi ya aina hiyo iliyokufa, inayouzwa kama skrepa. Hapo ndipo jina linapofaa, na pia namba iliyochapwa kwenye lebo ya betri, kwa sababu mara nyingi fimbo hiyo hiyo ilitumika kwenye ndugu zake wa kampuni ile ile na mpira wa swichi wanachangia. Kama tovuti ya kampuni imeshafuta ukurasa wa tochi hiyo, weka anwani yake ya zamani kwenye Wayback Machine ya Internet Archive, hazina ya nakala za kurasa za zamani za mtandao. Mchoro wa vipuri wenye namba unaweza kupatikana humo hata miaka mingi baada ya kampuni kuufuta.

Ya pili ni kukata duara kwenye shiti la mpira wa silikoni la unene wa milimita 1 na kulibana chini ya pete ile ile. Bonyeza swichi mara kadhaa kabla ya kukaza kabisa, mpira usivutwe hadi ukakifanya kitufe kibaki kimebonyea. Ukimaliza itumbukize kwenye ndoo ya maji bila betri, iache nusu saa, kisha fungua uangalie karatasi kavu uliyoiweka ndani kama imelowa.

Mkagua Matangi

Nimekata la silikoni kwa muda, na tangazo la kutafuta tochi mbovu nimeshaliweka, na namba ya lebo ya betri nimeiandika humo. Seli na oringi nimeagiza. Zikifika nitarudi na picha, na nitaandika vipimo vyote hapa ili mwenye tochi kama hii asianze kutafuta upya.