Naombeni ushauri: picha za msitu wa kaya zinanishinda

Jicho_la_Kwale: Habari za jioni wanajamvi. Nimekwama, nishikeni mkono. Nimepata kazi ya picha za kalenda, mada ni misitu ya kale ya Pwani, nami nimechagua kaya moja, yaani msitu mtakatifu wa Wamijikenda, huku Kwale. Jamani, ule msitu unakunyamazisha. Unatoka kwenye jua kali, hatua ishirini tu joto limekatika. Kuna mbambakofi ambao watu wanne wakishikana mikono hawaumalizi, na kamba za porini nene kama paja zimeuzunguka hadi juu. Lakini kamera haioni ninachokiona. Juu panatoka peupe kama karatasi, chini giza tupu, majani yanang'aa kama yamepakwa mafuta, na picha zote zina ukungu wa kutikisika. Natakiwa kukabidhi Ijumaa. Nifanyeje?

BabaLenzi: Pole kaka. Jua la utosini likipenya matundu ya majani, hakuna kamera inayolimudu. Ngoja mawingu, au ingia mara tu mvua inapokatika, na anga usiiweke kwenye picha kama huna kazi nayo. Huo mng'ao ni mwanga wa juu unaopiga kwenye jani. Funga kichujio cha polaraiza, kizungushe taratibu ukitazama jani moja, utaona kijani chake kinarudi. Stendi ni lazima, maana mle ndani shata, ule mlango wa mwanga wa kamera, huenda ikabaki wazi sekunde nzima.

Mama_Rehema: Mimi kamera siijui, ila umenikumbusha marehemu babu yangu, Rabai. Alikuwa akifika ukingoni mwa kaya anavua kofia. Sisi wajukuu tukiokota hata kijiti kikavu, anaturudisha tukakiweke pale pale. Kuni tukazifuate mbali, na tulikuwa tukinung'unika njia nzima! Leo nikienda, vilima vya jirani ni mahindi na mihogo hadi kileleni, lakini kaya imesimama vile vile. Mwanangu, piga picha, wajukuu zangu waione.

Mzalendo_Muscat: Huku tuna mitende na mawe. Ukimaliza nirushie moja nibandike jikoni, nikikaanga samaki nijione niko nyumbani.

Mdigo_Asilia: Ndugu, sijaona ulipotaja wazee. Wamekupa ruhusa?

Jicho_la_Kwale: Naomba tubaki kwenye kamera.

Mdigo_Asilia: Kamera itasubiri. Ulivaa kaniki? Nani alikuongoza?

Jicho_la_Kwale: Sawa. Wazee niliwaendea kwa heshima zote. Wakanikubalia njia ya wageni, lakini mbambakofi mkubwa uko ndani, karibu na makaburi, na huko wakasema hakupigwi picha. Kuna kijana atanipitisha upande wa nyuma Jumatano alfajiri. Sikati mti, siokoti jani, picha haiachi alama. Tena malipo ya awali nimeshayapokea na nimeshalipa ada ya mtoto. Mngekuwa nyinyi mngefanyaje?

Ustadh_Mnyenyekevu: Ada ya mtoto isitoke mahali ulipokatazwa. Mgeni akiambiwa chumba hiki usiingie, haulizi mara mbili.

Shoga_wa_Likoni: Samahani, mimi nina wasiwasi na hadithi hii. Mwanzo umetueleza ulivyopiga huo mbambakofi, juu peupe, chini giza. Sasa unasema utaingia Jumatano. Ulishafika au hujafika? Maana humu watu wanatunga visa wapate wachangiaji.

Mzalendo_Muscat: Kweli bwana! Na mimi nilishaanza kutafuta fremu ya jikoni.

BabaLenzi: Hajatunga. Mtu asiyepiga picha hawezi kujua kuhusu majani kung'aa vile.

Jicho_la_Kwale: Sijatunga. Niliingia wiki iliyopita. Jumatano ni mara ya pili. Sikubeba stendi ili nisionekane. Nilikaa kama dakika kumi, kila jani likianguka nashtuka, mikono inatetemeka. Ndiyo hizo picha.

Mdigo_Asilia: Ahsante kwa kusema. Basi elewa: kaya zilipoingizwa na UNESCO kwenye urithi wa dunia mwaka 2008, ziliingia kama urithi wa utamaduni. Msitu upo kwa sababu ya makatazo. Yale makaburi ni ya watu wetu, na mti unaousifu umefika unene huo kwa sababu kila kizazi kiliambiwa usiguse kikatii. Huyo kijana anayekupitisha, mfano wake akiuona mwenye msumeno naye ataomba apitishwe. Nenda kwa mzee na kamera yako, mwonyeshe ulichopiga, ukifute mbele yake.

Jicho_la_Kwale: Akinifukuza je? Nitabaki na nini Ijumaa?

BabaLenzi: Njia ya wageni inatosha picha za kalenda nzima. Piga mizizi iliyosimama kama kuta, kuvu kwenye gogo lililoanguka, jani jipya jekundu. Ukubwa wa msitu si lazima utoke kwenye mti mmoja. Halafu ukiwa na ruhusa utatulia. Sekunde moja ya shata haitaki mtu anayesikiliza nyayo. Mimi niko Ukunda, nina stendi na kichujio cha milimita 77. Njoo uvichukue, ila kwa mzee upite kwanza.

Jicho_la_Kwale: Lenzi yangu ni ya 67.

BabaLenzi: Pete ya kuunganishia ninayo. Kesho saa ngapi?

Jicho_la_Kwale: Mzee huwa anakaa barazani baada ya alasiri. Nikitoka kwake nakupigia.