Mfumo wa malipo ya korosho unakwama kila makato yakibadilika. Tumechoka!

Wanabodi, mimi ni karani wa chama kimoja cha msingi cha ushirika wa wakulima huku Tandahimba na nina hasira.

Waliotuuzia mfumo wa malipo walifungia viwango vyote vya makato ndani ya programu: ushuru wa halmashauri, ghala, usafirishaji, chama kikuu. Kimoja kikibadilika, ni kumpigia fundi Dar, atume ankara, tulipe, ndipo aguse. Wakati huo mnada umeshapita na wakulima wamejaa ofisini wanadai hela zao. Na akibadilisha, programu inapiga upya hesabu hata za msimu uliopita!

Mwaka huu chama kimegawanywa viwili, jambo la kawaida kabisa kwenye ushirika. Tulipowahamishia wenzetu chama kipya, mauzo yao yote ya nyuma yakahama nao. Sasa vitabu vyetu havilingani na stakabadhi. Mkaguzi akija tumwambie nini? Katibu meneja naye amestaafu, lakini malipo hayatoki bila nywila yake, maana waliweka jina la mtu badala ya cheo.

Asije mtu kunieleza kuwa mabadiliko hayatabiriki. Korosho iliingia mfumo wa stakabadhi ghalani, yaani mkulima anaweka mzigo ghalani, anapewa stakabadhi, mzigo unauzwa mnadani, msimu wa 2007/08. Mwaka 2018 serikali ikanunua yenyewe kwa shilingi 3,300 kwa kilo, jeshi likasomba. Msimu wa 2024/25 mnada ukahamia mtandaoni kupitia TMX, yaani Soko la Bidhaa Tanzania. Anayetengeneza programu ya korosho bila kuyajua haya hakutuuliza kitu. David Parnas, mtaalamu wa uhandisi wa programu za kompyuta, aliandika tangu 1972 kwamba uamuzi unaoelekea kubadilika utengewe sehemu yake, ukibadilika usivuruge programu nzima. Kwa nini sisi tuuziwe kinyume chake?

Makato yakae kwenye jedwali, mhasibu ayabadilishe kwa idhini ya bodi ya chama, kila kiwango na tarehe yake ya kuanza na kuisha, ili malipo ya zamani yabaki na viwango vya zamani. Uanachama nao uwe na tarehe hivyohivyo, mauzo ya nyuma yabaki chama cha zamani. Hii si kazi ngumu jamani!

Mkataba wetu unaisha kabla ya mnada wa kwanza. Wa Newala, Masasi, Nachingwea, kuna chama kilichombana muuzaji kwa maandishi aache viwango mikononi mwa chama? Naomba kifungu chenyewe kilivyoandikwa, nikipeleke kwenye bodi.